Mfarishi Huu Umeshonwa na Nani? Kupanga Michoro na Kutunza Kumbukumbu za Mifarishi ya Viraka

Somo la robo hii linahusu madaftari mawili. Ni madaftari ya kawaida yenye karatasi za mistari au za miraba, yanayopatikana katika duka lolote la vifaa vya shule. Hayahitaji umeme wala semina ya siku tano. Hata hivyo, kikundi cha ushonaji kisicho nayo hakiwezi kujibu maswali manne ambayo kamati yoyote ina haki ya kuuliza: mmeshona mingapi, imekwenda wapi, imeleta fedha kiasi gani, na nani anastahili kulipwa?

Kwa wasioufahamu, mfarishi ni nguo ya kujifunika au kutandika yenye matabaka matatu. Juu kuna uso uliounganishwa kwa vipande vingi vya kitambaa, katikati kuna pamba au blanketi kuukuu, na chini kuna kitambaa cha mgongo. Matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mshono unaopita yote matatu, au hufungwa kwa mafundo ya uzi, kisha kingo zote huzungushiwa pindo. Akina mama wengi huuita blanketi la viraka, na hakuna ubaya wowote katika jina hilo.

Kazi hii inafaa vikundi vyetu kwa sababu inatumia mabaki. Fundi wa mtaani hukata kitenge na kuacha vipande vidogo visivyofaa hata kushona kofia. Mabaki hayohayo yakipangwa kwa akili huwa kitu cha kuuzika. Lakini hapo kwenye "kupangwa kwa akili" ndipo tatizo linapoanzia. Mara nyingi mchoro uko kichwani mwa mama mmoja. Akihamia mtaa mwingine au akiugua, mchoro unaondoka naye, na kikundi kinaanza upya kwa kubahatisha.

Dola tano na maelezo yaliyoandikwa

Ushonaji wa viraka umestawi sana Marekani, na huko ndiko tunakopata mifano mizuri ya kumbukumbu, na ya ukosefu wake pia. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Harriet Powers.

Mama huyu alizaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Baada ya utumwa kukomeshwa aliendelea kuishi huko na familia yake, karibu na mji wa Athens. Alishona mfarishi wenye picha za Biblia katika sehemu 11: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimuua Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Kristo, Yuda na vipande thelathini vya fedha, na nyinginezo. Picha hizo alizikata katika vitambaa na kuzishonea juu ya kitambaa kingine. Mwaka 1886 mfarishi huo ulioneshwa katika maonyesho ya pamba mjini hapo. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith aliuona, akamtafuta mwenyewe na kuomba kuununua. Harriet Powers alikataa.

Miaka michache baadaye hali ya maisha ilibana. Powers aliuleta mfarishi kwa mwalimu huyo na kutaja bei ya dola 10. Mwalimu alikuwa na dola 5 tu. Powers alishauriana na mumewe, kisha akakubali hizo 5. Lakini kabla ya kuondoka alieleza kila picha ina maana gani, na Jennie Smith akaandika. Baada ya hapo Powers alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake. Mwalimu alijaribu kumfariji kwa kumwahidi kwamba atamtunzia mabaki yake yote ya vitambaa. Nadhani kila mama aliyewahi kuuza kitu alichokishona kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe anaelewa safari zile za kurudi kutazama.

Leo mfarishi huo unatunzwa katika taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na mwingine wake wenye picha 15 uko katika jumba la makumbusho mjini Boston. Miwili hiyo ndiyo pekee inayojulikana kubaki kati ya kazi zake. Tunajua nani aliishona na kila picha inasimulia nini kwa sababu mtu mmoja alichukua kalamu wakati mshonaji bado yuko mbele yake. Asingeandika, tungebaki na kitambaa chenye sura za watu na wanyama, na wataalamu wangekuwa wanabishana hadi leo kama yule pale ni Yakobo au ni mtu mwingine aliyelala.

Tazameni pia kile ambacho hakikuandikwa. Hatujui Harriet Powers alitumia saa ngapi. Hatujui kitambaa kilimgharimu kiasi gani. Kwa hiyo hatuwezi kusema dola 5 zilikuwa hasara ya kiasi gani, ingawa sote tunahisi kwamba ilikuwa hasara. Hilo tutalirudia tukifika kwenye bei.

Upande wa pili wa jambo hili ni hadithi isiyo na daftari. Mwaka 1999 kilitoka kitabu huko Marekani kilichodai kwamba watumwa waliotoroka walielekezwa njia kwa michoro ya mifarishi iliyoanikwa nje ya nyumba: mchoro huu maana yake jiandae, ule maana yake ondoka. Hadithi ilipendwa sana na ikaingia mashuleni. Wanahistoria walipoipima kwa ushuhuda uliorekodiwa wa watu waliokuwa watumwa, hawakukuta ushahidi wa kuithibitisha, wala hakuna mfarishi wa wakati ule uliopatikana ukiwa na maelezo ya namna hiyo. Sisemi kwamba masimulizi ya wazee hayana thamani. Ninasema kwamba pasipo na kumbukumbu, hadithi nzuri hukaa mahali pa habari ya kweli, na washonaji wenyewe husahauliwa.

Daftari la kwanza: michoro

Wengi wakianza kupanga michoro hupanga kwa majina. Inaonekana rahisi, lakini baada ya mwaka mmoja inavuruga. Upo mchoro maarufu wa Marekani ambao wengine huuita Wayo la Dubu, wengine Unyayo wa Bata Matopeni, na wengine Mkono wa Urafiki. Mchoro ni mmoja. Nasi tunajua jambo hilo kutokana na vitenge: kitambaa kilekile kina jina moja sokoni kwenu na jina jingine soko la jirani, kutegemea mfanyabiashara alivyokiita siku kilipofika.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Barbara Brackman, alikabili tatizo hili kwa subira ya kupigiwa mfano. Kwa miaka mingi alikusanya michoro ya viraka kutoka magazeti na vitabu vya zamani na kuiandika kwenye kadi. Mwaka 1993 kazi yake ilitoka kama kitabu kimoja kikubwa chenye michoro zaidi ya 4,000. Hakuipanga kwa majina. Aliipanga kwa jinsi ilivyojengwa, yaani mraba umegawanywaje, akaupa kila mchoro namba, kisha chini ya namba akaorodhesha majina yote aliyoyakuta. Mwenye mfarishi usiojulikana jina huhesabu migawanyo ya mraba, hufungua sehemu inayohusika, na kuukuta.

Kikundi cha usharika hakina michoro 4,000. Kina 15, pengine 30. Njia ni ileile. Gawanyeni michoro yenu katika makundi machache na kuyapa herufi: A iwe michoro ya mistari mirefu, B miraba ya vipande vinne, C miraba ya vipande tisa, D pembetatu na nyota, E picha zinazoshonewa juu ya kitambaa. Wekeni na kundi la mwisho kwa michoro isiyoingia popote, maana kila stoo ina kona ya namna hiyo. Mchoro wa tatu katika kundi C utaitwa C-3 daima, hata kama akina mama watauita Ua la Mbuni leo na Dirisha la Sakristia kesho. Majina yote yaandikwe chini ya namba, na pia jina la mama aliyeubuni au aliyeuleta.

Kila mchoro upewe kurasa mbili zinazoangaliana. Upande wa kushoto uchorwe mraba mmoja wenyewe kwenye karatasi ya miraba ya hesabu, ukiwa umepakwa rangi. Upande wa kulia viandikwe vipimo: mraba uliokamilika una sentimita ngapi, una vipande vya aina ngapi, kila aina vikatwe vingapi, na kitambaa kinachohitajika kwa mfarishi mzima. Chini iachwe nafasi ya kuandika namba za mifarishi yote iliyoshonwa kwa mchoro huo. Nafasi hiyo ndiyo inayounganisha daftari la kwanza na la pili, kwa hiyo msiibane.

Violezo, yaani vile vipande vya kadibodi vinavyowekwa juu ya kitambaa ili kukata, viwekwe katika bahasha yenye namba ya mchoro. Kila kiolezo kiandikwe namba ya mchoro, idadi ya vipande vya kukata, na mshale unaoonesha uelekeo wa uzi wa kitambaa. Na jambo ambalo ni lazima liandikwe: je, kiolezo hiki kimejumlisha nafasi ya mshono au bado?

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kazi nyingi huharibika hapa. Washonaji wa viraka huacha robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono, yaani kama milimita 6. Kipande kinachotakiwa kuwa sentimita 10 baada ya kushonwa kikatwe sentimita 11.2. Tuchukulie mshonaji ametumia kiolezo cha sentimita 10 akidhani mshono umeshahesabiwa. Kila kipande kitabaki na sentimita 8.8. Mraba wa vipande tisa uliotarajiwa kuwa sentimita 30 utakuwa 26.4. Mfarishi wa miraba mitano kwa sita, ambao mteja aliagiza uwe sentimita 150 kwa 180, utatoka kama 132 kwa 158. Mtu mzima akijifunika, miguu iko nje. Na ikiwa mama mmoja ametumia kiolezo chenye mshono na mwenzake kisicho na mshono, miraba yao haitakutana kabisa, na lawama zitaanza. Pembetatu zina hesabu yake: ukitaka kupata mraba wa sentimita 10 unaotokana na pembetatu mbili, hukati mraba wa 11.2 na kuugawa mshazari. Unakata wa takriban 12.1, kwa sababu mshono wa mshazari nao unakula kitambaa. Andikeni hesabu hizi mara moja, mkiwa mmetulia, ili pasiwe na mtu wa kuzirudia chini ya mwembe kila Jumatano.

Daftari la michoro linafungua pia mlango wa oda kubwa. Mwaka 1966, huko Alabama, akina mama Waamerika Weusi wa vijijini walianzisha ushirika wa ushonaji wakisaidiwa na Francis X. Walter, kasisi wa Kanisa la Episkopali. Uliitwa Freedom Quilting Bee. Ilikuwa katika miaka ya kudai haki za kiraia, na katika eneo lile watu weusi waliojiandikisha kupiga kura waliweza kupoteza kazi au kufukuzwa kwenye ardhi waliyoilima. Mifarishi yao ilianza kwa kuuzwa mnadani New York. Maduka makubwa yalipoanza kuagiza, yalitaka bidhaa zinazofanana kwa mchoro na vipimo. Kwa akina mama waliozoea kushona kila mmoja kwa macho na moyo wake, hilo lilikuwa badiliko kubwa, na si wote walilifurahia. Maoni yangu ni kwamba kikundi kiwe na vyote viwili: michoro yenye vipimo kamili kwa ajili ya oda, na uhuru wa kushona bila kipimo kwa anayeweza. Lakini huo wa uhuru nao upigwe picha na kupewa namba.

Daftari la pili: mifarishi iliyokamilika

Kila mfarishi unaokamilika upewe namba yake, na namba hiyo isitumike tena hata kama mfarishi umeungua au umeibiwa. Mfumo rahisi ni mwaka na mfuatano: 2025-014 ni mfarishi wa kumi na nne wa mwaka 2025.

Anayedhani namba ni jambo dogo atazame mfarishi wa ukumbusho wa waliofariki kwa UKIMWI, ulioanzishwa San Francisco mwaka 1987. Ndugu na marafiki wa marehemu hushona kila mmoja kipande cha futi 3 kwa 6, karibu na ukubwa wa kaburi. Vipande vinane kwa kawaida huunganishwa kuwa mraba mmoja wa futi 12 kwa 12. Ulipotandazwa Washington kwa mara ya kwanza Oktoba 1987 ulikuwa na vipande 1,920. Sasa vinakaribia 50,000, na uzito wake ni tani 54. Mzazi anayetaka kuona kipande cha mwanawe angekipataje katika tani 54 za kitambaa? Kila mraba una namba, na majina yaliyomo yameorodheshwa chini ya namba hiyo. Jina hutafutwa, namba hupatikana, mraba huletwa.

Katika daftari lenu, kila mfarishi upewe ukurasa mzima. Msichore jedwali lenye safu nyembamba kumi na tano. Nimeyaona majedwali hayo, na baada ya mwezi mmoja nusu ya safu ni tupu. Juu ya ukurasa iandikwe namba ya mfarishi na namba ya mchoro. Kisha urefu na upana uliopimwa kweli, si ule uliokusudiwa. Kisha vitambaa: ni kitenge, khanga au shuka, vilitoka kwa nani, na je, vilifuliwa kabla ya kukatwa? Swali hili lina sababu. Pamba hurudi ikifuliwa, na vitambaa vyekundu vipya huweza kuvuja rangi na kuharibu vyeupe vilivyo jirani. Mteja akirudi na malalamiko, ukurasa utawaambia kama tatizo ni kitambaa au ni maji moto ya kwake. Gundisheni na kipande cha sentimita 3 cha kila kitambaa kikuu. Picha ya simu haioneshi rangi kwa uaminifu.

Halafu majina. Aliyeunganisha uso, walioshona matabaka, aliyeweka pindo. Andikeni wote. Tuchukulie mama mmoja ameunganisha nyuso tatu mwezi Machi, akaugua na kufariki mwezi Mei. Mifarishi inakamilishwa na wenzake na kuuzwa mwezi Agosti. Watoto wake wakija kuulizia haki ya mama yao, kikundi kitawajibu nini? Wenzake wanaweza kuwa watu wema wote na bado wasielewane, kwa sababu mmoja anakumbuka nyuso mbili na mwingine nne. Ukurasa wenye jina na tarehe unawalinda watoto, na unakilinda kikundi pia.

Saa za kazi zisikadiriwe mwishoni. Karatasi ndogo ibanwe kwa pini kwenye mfarishi tangu siku ya kwanza, na kila anayeushika aandike tarehe na saa alizofanya. Asiyeandika achore mstari mmoja kwa kila saa. Mfarishi ukikamilika, karatasi inahamishiwa kwenye ukurasa.

Sasa turudi kwenye bei. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kitambaa kimegharimu sh. 18,000, pamba ya ndani sh. 9,000, uzi sh. 2,000. Jumla sh. 29,000. Karatasi ya pini inaonesha saa 42. Kikundi kimekubaliana kwamba saa moja ni sh. 1,500, kwa hiyo kazi ni sh. 63,000 na mfarishi umegharimu sh. 92,000. Anakuja mgeni, anausifu sana, anatoa sh. 60,000 na kuondoka kwa furaha. Ondoeni gharama za vifaa, zimebaki sh. 31,000. Gawanyeni kwa saa 42. Kila saa imelipwa sh. 738. Kikundi kinaweza kuamua kukubali bei hiyo, kama Harriet Powers alivyolazimika kukubali. Lakini kiamue kikiwa kinajua. Pengine kitagundua kwamba mchoro D-2 wenye nyota unakula saa 42 na kuuzwa bei ileile ya A-1 wa mistari unaochukua saa 20. Hapo nyota zitashonwa kwa oda maalumu tu.

Mwisho wa ukurasa uandike mfarishi ulikwenda wapi, lini, kwa bei gani na namba ya risiti. Uliotolewa bure uandikwe hivyo, pamoja na aliyeidhinisha.

Mfarishi wenyewe nao ubebe kumbukumbu yake. Shoneni nyuma, kwenye kona, kipande cha kitambaa cheupe chenye namba, jina la mshonaji au kikundi, mahali na mwaka. Kingo zake mbili ziingizwe ndani ya pindo, ili asiyeitaka lebo hiyo apate kazi ya kuifumua. Wino ujaribiwe kwanza kwa kufua kitambaa kingine; la sivyo tumieni uzi wa kudarizi. Wafanyabiashara wa khanga walilijua hili zamani: zile za mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, zilitambulika kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye nguo yenyewe.

Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Daftari la pili litunzwe na katibu wa kikundi, na fedha zitunzwe na mhazini. Mtu mmoja asishike vyote viwili, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Kila robo mwaka wajumbe wawili wa kamati waingie stoo na kuhesabu. Ikiwa robo ilianza na mifarishi 12, ikakamilika 9, ikauzwa 7 na kutolewa 1, rafuni lazima iwepo 13. Ikiwa iko 11, namba zitaonesha ni ipi miwili isiyoonekana, na mazungumzo yatahusu mifarishi hiyo badala ya kuhusu tabia za watu.

Kwa wafadhili nina ombi. Msidai picha ya kila mama akiwa ameshika mfarishi wake na kutabasamu. Ombeni nakala ya kurasa tano za daftari, mkizichagua wenyewe bila kutoa taarifa mapema. Zitawaambia zaidi.

Kuna tofauti pia kati ya mfarishi wa kuuza na mfarishi wa msaada. Shirika la Lutheran World Relief, lililoanzishwa Marekani mwaka 1945, hupokea mifarishi kutoka kwa vikundi vya sharika za huko na kuipeleka nchi nyingi zenye uhitaji. Tanzania nayo imewahi kupokea. Kipimo chake kinajulikana, inchi 60 kwa 80, yaani kama sentimita 152 kwa 203, na husafirishwa katika marobota. Huko hakuna haja ya mpokeaji kujua nani alishona. Kumbukumbu inayotakiwa ni idadi, namba ya robota, na mahali mfarishi ulipofikia. Majina ya waliopokea yabaki katika faili la usharika. Yasibandikwe ubaoni, kwa kuwa si kila mtu anapenda jirani zake wajue kwamba alipewa blanketi.

Simu na kompyuta ni msaada mzuri, hasa kwa picha. Pigeni picha mbili, uso na mgongo wenye lebo, na faili liitwe kwa namba ya mfarishi. Kurasa za daftari nazo zipigwe picha kila mwezi na kutumwa ofisi ya usharika. Daftari likilowa, nakala ipo. Lakini msianze na kompyuta.

Mifarishi ambayo tayari imeshonwa

Vikundi vingi vitauliza: na ile ya miaka iliyopita? Katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 1981 walianzisha mradi wa kuandika mifarishi ya zamani. Waliwaalika watu kuileta siku maalumu. Kila mmoja ulipimwa, ukapigwa picha, na mwenye nao akahojiwa. Majimbo mengine yakafuata, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo sasa inasomeka kwenye intaneti katika hazina iitwayo Quilt Index, iliyofunguliwa mwaka 2003.

Usharika unaweza kufanya hivyo Jumapili moja baada ya ibada, kwa meza mbili, futi ya fundi, simu moja na makatibu wawili wenye mwandiko unaosomeka. Mifarishi ya zamani ipewe herufi Z mbele ya namba, ili isichanganyike na ya sasa. Wazee waanze, kwa sababu ndio wanaokumbuka nani alishona.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Kikundi chetu kina michoro mingapi ambayo inajulikana na mtu mmoja tu? Ni nani, na nani atakaa naye wiki hii kuichora?

2. Chukueni mfarishi mmoja ulio stoo leo. Je, tunaweza kutaja wote walioushona, na saa walizotumia?

3. Saa moja ya kushona katika kikundi chetu ni shilingi ngapi? Ikiwa bado hatujakubaliana, tukubaliane lini, na nani wawepo?

4. Katibu na mhazini wa kikundi ni watu wawili tofauti?